Bastola ya Masanja na Fisi Aliyekonda

Kijana, kabla hujanionyesha picha ya bastola kwenye simu yako, nionyeshe kwanza kiganja chako. Funga simu, fungua mkono. Ndivyo nilivyofundishwa, na ndivyo nilivyowapokea wateja miaka yote niliyofanya kazi ya ufundi kwenye duka la silaha la Mzee Lutonja hapa Bariadi, mpaka magoti yaliponistaafisha. Sasa nakaa nyumbani nikigombana na kuku wanaoingia jikoni. Lakini haipiti wiki bila kijana kuja na heshima iliyozidi kiasi. Akishaniamkia shikamoo mara ya pili, najua shida yake.

"Mzee, nataka rivolva. Ya kutembea nayo porini na ya kulinda nyumba. Nichukue ipi?"

Halafu ananionyesha chuma kirefu kinachong'aa kama sufuria ya harusi. Basi leo nawajibu wote kwa pamoja, nipate muda wa kuku wangu.

Rivolva ni ile bastola yenye kipipa kinachozunguka katikati, na risasi zimekaa humo, kila moja kwenye tundu lake. Sifa yake ni kwamba haina mambo mengi. Vumbi la kiangazi chetu haliisumbui sana, na risasi moja ikigoma unabonyeza tena, tundu linalofuata linakuja lenyewe. Ubaya wake ni kifyatulio kizito, na mtu mwenye vidole vifupi anaweza kuvuta mpaka akakunja uso. Mtutu mrefu unalenga vizuri lakini unakuchoma ubavuni ukikaa kwenye pikipiki. Mtutu mfupi unabebeka, lakini ukilenga mlango unaweza kupiga dirisha. Na hiyo risasi kubwa unayoitamani inapita ukuta wa udongo bila kubisha hodi, na nyuma ya ukuta amelala mama mkwe wako. Kwa hiyo ukiniuliza ipi ni nzuri, nitakujibu kama alivyokuwa anajibu bosi wangu: nzuri kwa nani?

Mzee Lutonja alikuwa mfupi, mpole, kofia haimtoki kichwani hata akiwa anaoga, kwa jinsi nilivyomjua. Hakuwahi kumsifia mteja bidhaa. Alikuwa na swali moja na mawe. Swali lilikuwa: "Nani anabaki nyumbani?" Na mawe aliyaokota mwenyewe kwenye vilima, akayapima moja moja hadi kila jiwe likawa na uzito wa aina fulani ya bastola, akayashonea vifuko vya ngozi. Mteja akichagua silaha, mzee anampa jiwe lake. "Lifunge kiunoni. Nenda nalo shambani, nenda nalo mnadani, kaa nalo kwenye pikipiki, chuchumaa nalo. Ukirudi hujalichukia, tutaongea."

Wengi walirudi wamelichukia. Mkulima mmoja wa pamba kutoka Ipililo alilirudisha jioni ile ile, akaomba lile dogo kuliko yote, na mpaka leo namheshimu. Ingawa naye alinipa kazi. Alipopata bastola yake aliona mafuta ya silaha tuliyompa ni kidogo na hayana harufu ya maana, akaipaka samli. Samli ya ng'ombe wake mwenyewe, ya mwaka ule. Alipoileta kwangu kipipa kilikuwa hakizunguki hata kwa kuombwa, manyoya ya paka yamegandia kwenye kifyatulio, na duka zima lilinukia kama kuna mgeni anakaangiwa. Nikamwambia, "Mkwe, hii ni bastola, siyo kiporo." Akasema paka ndiye aliyeharibu, kwa kulamba. Basi shikeni hilo: tone moja la mafuta yake, kitambaa kikavu, na paka akae mbali.

Sasa nije kwa Masanja, maana yeye ndiye somo lenyewe.

Masanja Shigela anaishi nje kidogo ya Lagangabilili. Ni mfugaji mkubwa, mtu mzima aliyekwisha kupata wajukuu, na ukitaka kumfurahisha usimuulize habari za watoto, muulize habari za ng'ombe. Ng'ombe wake ni wanene hadi aibu. Mbuzi wake wanatembea kwa kuhema. Hata mbwa wake ana kitambi. Alikuja dukani kiangazi kimoja, fisi wakiwa wamezidi. Walikuwa wanaingia mazizini jua limeshatoka, bila wasiwasi, na zizi la Masanja ndilo walilolipenda zaidi. Wewe ungekuwa fisi ungeenda wapi?

"Mzee Lutonja," akasema, "nipe ile kubwa." Akaonyesha rivolva nzito kuliko zote, mtutu mrefu, iliyokuwa imekaa kabatini hadi tulikuwa tumeanza kuiona kama ndugu.

Mzee akamwambia kwa fisi wa zizini shotigani ingemfaa zaidi. Masanja akasema shotigani haikai kiunoni. Mzee akauliza swali lake. "Nani anabaki nyumbani?"

"Mke wangu, Minza. Mimi niko minadani karibu kila siku."

"Basi mlete Minza. Kibali ni cha mtu, siyo cha nyumba. Bastola ikiwa yako, yeye haruhusiwi hata kuigusa, na wewe haupo. Fisi atamkuta nani?"

Masanja akacheka mpaka akashika kaunta. "Mzee, mimi nanunua bastola. Mahari nilishatoa zamani."

Basi akapewa jiwe. Siku chache baadaye akarudi akitembea kwa madaha, akaliweka mezani. "Jiwe gani hili? Nilikuwa nasahau kama ninalo." Mzee Lutonja alimwangalia kiunoni, akaliangalia lile jiwe, akalirudisha kwa wenzake. Baadaye sana ndipo tukajua kwamba Masanja alilifunga jiwe nyuma ya pikipiki, kwenye kreti la soda, likazunguka minada yote likiwa limekaa vizuri kuliko abiria.

Vibali hivi, kwa msiojua, vinaanzia kijijini. Majirani wanakutana, wanasema wewe ni mtu wa namna gani, ndipo karatasi zako zinapanda kata, wilaya, mpaka polisi. Masanja akapitishwa, maana alikuwa mtu mwema na alikuwa ameshawachinjia mbuzi. Akajifunza kutumia, akakabidhiwa bastola. Nikamshauri achukue na mkoba wake wa ngozi, ule wa kuivalia kiunoni. Akakataa. Alikuwa na fundi wake mnadani, yule anayeshona kandambili za matairi, akamshonea mkoba wa tairi la lori.

Mliokwisha kuvaa viatu vya matairi mnajua sifa yake: kikishakubana hakikuachii. Bastola ilikuwa inaingia kwa kusukumwa na inatoka kwa kuomba Mungu.

Sikilizeni sasa asubuhi yenyewe. Nimeisikia kwa Minza, nikaisikia kwa Masanja, na kwa majirani, na wote wanakubaliana, jambo ambalo ni nadra huku kwetu. Jua lilikuwa limeshapanda. Masanja alikuwa anakunywa uji, bastola kiunoni kwa ajili ya kwenda mnadani. Risasi hazikuwemo. Alikuwa amezifungia kwenye sanduku kama tulivyomfundisha, na funguo alikuwa nazo mwenyewe, ila kwenye lile koti lingine. Minza alikuwa nyuma ya nyumba anatwanga mtama. Mbuzi wakapiga kelele. Masanja akatoka, akamkuta fisi ndani ya zizi, kasimama katikati ya mbuzi anachagua.

Masanja akashika bastola akavuta. Tairi likakataa. Akavuta tena. Fisi akamwangalia. Akashika mkoba kwa mkono wa kushoto, bastola kwa mkono wa kulia, akavuta kwa nguvu zote za ukoo wake. Ikachomoka yote kwa mara moja, ikamponyoka, ikaruka juu, ikageuka, ikatua kwenye kidole gumba cha mguu wake wa kushoto. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kwa Masanja ilikuwa kidole, lakini methali imejitahidi.

Yowe alilopiga Masanja lilimleta Minza na mchi mkononi. Hakuuliza kitu. Aliurusha mchi ule kama anayeutupa kila siku, ukampata fisi mguu wa nyuma wa kushoto. Fisi akapiga ukelele wake, akaruka boma, akakimbia kuelekea njiani akichechemea. Wakati huo majirani walishasikia yowe wakadhani ni mwano, yaani lile yowe la kuita kijiji kizima, na mwano ukisikika hakuna anayekaa. Wakaja mbio na fimbo na mapanga. Njiani wakapishana na fisi anachechemea mguu wa kushoto. Wakafika bomani wakamkuta Masanja anachechemea mguu wa kushoto.

Wakasimama, wakaangalia mguu wa Masanja, wakaangalia njia aliyopita fisi.

Ninyi mliokulia mjini huenda mnacheka mapema. Huku kwetu wako wazee, na vijana pia, wanaoamini kwamba fisi hawi fisi tu. Ana mwenyewe. Mtu anamfuga kwa dawa, anamtuma, na ukimuumiza fisi kokote, mwenye fisi anaumia pale pale. Kwa imani hiyo ushahidi ulikuwa umekamilika: fisi mguu wa kushoto, Masanja mguu wa kushoto, asubuhi moja, uwanja mmoja. Na utajiri wote ule wa ng'ombe ukapata maelezo.

Jirani yake, Mzee Ng'wandu, ndiye aliyekuwa kamanda wa sungusungu pale kijijini. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema, "Kumbe." Neno moja tu, na jioni kijiji kizima kilikuwa nalo. Kesho yake hakuna aliyemsalimia Masanja. Wachungaji wakaacha kupitisha ng'ombe wao njia moja na wake. Minza akaenda kuomba moto kwa jirani, akaambiwa moto umezimika, na moshi anauona. Mkutano ukaitishwa wa kuamua kama Masanja atengwe. Na kutengwa ndiko afadhali. Katika nchi yetu wapo wazee waliouawa kwa neno dogo kuliko lile la Ng'wandu.

Minza akanipigia simu dukani. Hakulia, ila sauti ilikuwa kavu. "Fundi, njoo. Waambie hicho kidole kimevunjwa na bidhaa yenu."

Niliogopa, siwafichi. Nilijua kurekebisha kifyatulio, sikujua kurekebisha kijiji. Mzee Lutonja akanipa nauli ya bodaboda na neno moja: "Nenda kaikague. Silaha ikianguka lazima ikaguliwe." Nikaenda.

Nikaikuta bastola salama kuliko mwenye nayo. Mkutanoni nikapewa nafasi. Watu walikuwa wengi, wanaume mbele, wanawake nyuma, Masanja amekaa peke yake kwenye kigoda na kidole kimefungwa kitambaa. Hakuna aliyekaa karibu naye kiasi cha kumgusa. Mtu yule aliyecheka hadi akashika kaunta yetu alikuwa anaangalia chini tu. Nilimwonea huruma.

Nikawaonyesha kwamba bastola haina kitu. Nikawaonyesha kile kipembe cha kulengea kilicho juu ya mtutu, mbele kabisa. Nikafungua kitambaa, nikasogeza kipembe kwenye alama iliyokuwa kwenye ukucha. Kikaingia kama ufunguo kwenye kufuli. Nikaona nimemaliza kazi, nikakaa.

Mzee Ng'wandu akasimama, akanishukuru kwa kutoka mbali. "Fundi amesema kweli, chuma kilimwangukia," akasema. "Lakini nani alikiangusha? Kilimponyoka saa ile ile fisi anapigwa. Kwa nini hakikumponyoka jana?"

Watu wakaguna kukubali. Na mimi, Mungu anisamehe, niliona swali lina maana.

Hapo Minza akasimama kule nyuma. Hakuja mbele. "Shemeji Ng'wandu, naomba nikuulize na mimi. Ng'ombe wa Masanja unawajua?"

"Nawajua, mayu," akajibu, yaani mama kwa Kisukuma chetu.

"Wakoje?"

"Wanene."

"Mbuzi wake?"

"Wanene."

"Na mbwa?"

Ng'wandu akasita. "Mbwa naye mnene."

"Na huyo mbiti, huyo fisi mliyepishana naye njiani, alikuwaje?"

Sauti ikatoka upande wa wachungaji: "Mbavu nje! Ukimtazama unaona upande wa pili!"

"Haya," akasema Minza. "Mwanaume huyu anaamka kabla ya jogoo kwenda kuangalia ng'ombe wameshiba vipi. Mimi nina miaka naye na hajawahi kuniuliza kama nimeshiba. Leo afuge fisi, halafu amkondeshe? Masanja? Amtoe mbele za watu na mbavu zile? Aibu hiyo angeiweka wapi?"

Kicheko kilianzia kwa wanawake, kikaja mbele. Wazee waliokuwa wamekunja nyuso walianza kutikisika mabega. Maana lile lilikuwa jambo ambalo kila Msukuma pale alilielewa kuliko kipembe changu. Mtu anaweza kuwa mchawi, lakini Masanja kuwa na mfugo uliokonda, hapana, hilo halikuwezekana. Nilimwona Masanja anainua kichwa, na naapa kwamba alichokasirikia wakati ule ni wazo tu la kusingiziwa fisi mwembamba.

Kisha watu wakaanza kufikiri hatua inayofuata, maana watu ndivyo walivyo. Kama fisi ana mwenyewe, na amekonda vile, basi nani hapa kijijini mifugo yake imekonda? Ng'ombe wa Mzee Ng'wandu walikuwa wanapita pale ng'ambo kwenda kunywa maji, mifupa ya nyonga imetokeza hadi ungeweza kuitundikia kofia. Vichwa vikaanza kugeuka, kimoja kimoja.

"Fisi huyu," akasema Ng'wandu haraka, "ni wa porini. Hana mwenyewe. Mkutano umefungwa."

Na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenda kumpa Masanja mkono.

Nilirudi Bariadi nikamhadithia Mzee Lutonja. Hakucheka. Aliuliza tu, "Minza ana kiganja cha namna gani?" Nikamjibu sikumwangalia. Akanitazama kama mtu niliyepoteza nauli yake.

Mvua zilipoanza, wakaja wote wawili. Bastola kubwa ilirudishwa kwa utaratibu, ikakaa kabatini kwenye nafasi yake, na safari hii mwombaji alikuwa Minza. Kijiji kilikuwa kimeshampitisha. Aliyenyoosha mkono kwanza kumkubali, nadhani mmeshamjua. Mzee akampa jiwe la kwanza. Minza hakulipeleka kwenye kreti la soda. Alilifunga kiunoni, akateka maji nalo, akapalilia nalo, akaenda nalo mnadani na kapu la michembe, vile viazi vilivyokaushwa, kichwani, akarudi akaliweka mezani. "Hili linavuta nyonga. Lete dogo." Akapewa la pili, akarudi nalo baada ya siku kadhaa, akasema hili analisahau. Na yeye alikuwa anasema kweli, kwa sababu alikuwa bado amelivaa na anatuuliza liko wapi.

Basi tukamtolea rivolva ndogo ya wastani, mtutu si mrefu si mfupi, risasi ya kawaida isiyokwenda kumtafuta mama mkwe. Nikahakikisha haina kitu, nikampa aangalie mwenyewe, akaangalia mara mbili bila kuambiwa. Kidole kikafika kwenye kifyatulio bila kunyoosha shingo. Akakivuta na sikuona kipembe kikitikisika. Mkoba akachukua wa ngozi. Masanja alikuwa amesimama nyuma yake, ameshika kibeti cha mke wake kwa mikono miwili.

Likabaki swali la mzee. Nilijua jibu, hata ninyi mnalijua, lakini Mzee Lutonja hakuwahi kumuuzia mtu bila kuliuliza.

"Nani anabaki nyumbani?"

Minza akageuka akamwangalia mumewe, akakiangalia kidole chake kilichokuwa bado hakijakubali kuingia kwenye kiatu. "Siku hizi, mzee, anabaki huyu. Minadani naenda mimi."

Ndipo kwa mara ya kwanza nikamwona Mzee Lutonja anavua kofia. Akajikuna upara, akaona kanuni yake ya miaka yote imemgeukia, akamwita Masanja mbele ya kaunta. "Basi na wewe, nionyeshe kiganja chako. Tukutafutie ya kwako."

Masanja aliangalia kabati lote, toka kule kwenye kubwa hadi huku kwenye ndogo. Akaangalia kidole. Akamrudishia mke wake kibeti.

"Mzee," akasema, "mimi niachieni mchi."